Mtumbwi Ni wa Nani?

Popote ulipo, Igogo au Igoma, Buhongwa au Pasiansi, ng'ambo ya Sengerema au kisiwani Ukerewe, vuta kiti ukae. Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya watu wanaotuchezesha, na jinsi watu hao wanavyopata ugali wao.

Nianzie ziwani. Usiku usio na mwezi, ukisimama ufukweni utaona taa zimejipanga majini mpaka macho yanapoishia, utadhani nusu ya Mwanza imehamia ziwani. Hao ni wavuvi wa dagaa. Zamani walibeba karabai. Siku hizi wengi wana taa za betri na za sola. Dagaa hufuata mwanga, na taa ya mvuvi huwa na nguvu pale tu mwezi unapokuwa haupo. Ndiyo maana siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hulala nchi kavu, watu wakashona nyavu. Mvuvi wa dagaa haogopi giza. Giza ndilo shamba lake.

Kukikucha, pale Mwaloni Kirumba, swali linabadilika. Usiku kucha swali lilikuwa dagaa wako wapi. Asubuhi swali ni mgao ukoje. Kwanza zinatolewa hela za mafuta na gharama za safari. Kisha tajiri, yaani mwenye mtumbwi, nyavu na taa, anachukua sehemu yake. Kinachobaki ndicho wanachogawana wavuvi, wale waliovuta wavu kwa mikono, wakalowa, wakakesha. Mgao unatofautiana mwalo hadi mwalo, lakini mvuvi anaujua kabla hajapanda mtumbwi. Anayekwenda majini bila kuuliza mgao, wenzake humwonea huruma.

Picha hiyo naomba uishike, msikilizaji. Mengi nitakayosema leo kuhusu muziki yatarudi kwenye mtumbwi huo.

Kuna albamu iliyonikaa kichwani. Inaitwa *The Adept*, ilitoka Aprili 2024, na mwenyewe ni kijana wa Kenya, Martin Kanja, ambaye jukwaani hujiita Lord Spikeheart. Nikiipiga sasa hivi bila kukutayarisha, huenda ukainuka kwenda kuangalia kama redio yako imeharibika. Ngoma zinakimbia kama mtu anayefukuzwa. Magitaa yananguruma. Sauti ya Martin haiimbi kwa namna tuliyozoea. Inapasuka kutoka tumboni, ukelele juu ya ukelele. Lakini sikiliza albamu hiyo ni ya nani. Ameitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepigana msituni upande wa Mau Mau mpaka akapata cheo cha Field Marshal, na aliyefariki Septemba 2023. Martin ni kitukuu wake. Ukishalijua hilo, zile kelele zinaanza kusikika vingine. Mtu aliyeishi miaka msituni akiwindwa, kitukuu wake angemwimbia kwa sauti gani? Kwa sauti ya taratibu ya kinanda cha hotelini?

Kabla ya albamu hiyo, Martin na mwenzake Sam Karugu walikuwa bendi ya watu wawili iitwayo Duma. Mswahili akisikia jina hilo anamwona mnyama mwenye mbio. Wao walilichukua kwenye Kikuyu, ambako maana yake ni giza. Giza lile lile analolisubiri mvuvi wetu wa dagaa. Albamu ya Duma ilitoka Agosti 2020, na haikurekodiwa Ulaya wala Marekani. Ilirekodiwa Kampala, kwenye mwambao wa ziwa hili hili tunalochota maji, na ikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes, jina lililotokana na neno la Kiganda la hamu ya kucheza isiyozuilika, tofauti kabisa na maana tunayoijua kwa Kiswahili. Lebo hiyo ndiyo iliyotoa mwaka 2017 mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Kwa hiyo kelele za Nairobi na singeli ya uswahilini zilipita mlango mmoja, na mlango huo uko upande wa pili wa maji yetu.

Nimeanza na Martin kwa sababu ya jambo ambalo huenda msikilizaji wa haraka asilione. *The Adept* imetoka chini ya lebo yake mwenyewe. Ameiita Haekalu, jina ambalo sikio la Mswahili linalipokea kama hekalu. Kijana aliyeanza kwa kupanda mtumbwi wa wengine, safari hii amechonga wake.

Sasa, muziki wa aina hii umetoka kwenye mti mmoja unaoitwa panki. Wengi wa umri wangu tulilijua neno hilo kwa kinyozi. Ulikaa kwenye kiti, ukaonyesha picha ukutani, ukasema, "Ninyoe panki." Hatukujua kwamba nyuma ya mkato ule kulikuwa na muziki, na nyuma ya muziki kulikuwa na fikra.

Fikra yenyewe ilikuwa hii. Miaka ya 1970, huko Uingereza na Marekani, muziki wa magitaa ulikuwa umekuwa mali ya matajiri. Kurekodi kulihitaji studio kubwa, kampuni kubwa, na mtu wa kukuruhusu. Vijana wasio na kazi wakasema, sisi tuna nyuzi tatu na hasira, tunaanza leo. Mwisho wa 1976 bendi moja ya mji wa Manchester, Buzzcocks, ilikopa kiasi cha paundi 500 kwa marafiki na jamaa. Wakaingia studio, wakarekodi nyimbo nne kwa siku moja, na Januari 1977 wakatoa santuri yao wenyewe, *Spiral Scratch*, nakala 1,000 kwa kuanzia. Zikaisha. Wakachapa tena, na mwishowe wakauza nakala zipatazo 16,000. Hapakuwa na kampuni nyuma yao. Vijana wa miji mingine wakaiona, wakajua kwamba kumbe inawezekana.

Na usidhani Mwafrika wa Mashariki hakuwepo. Miongoni mwa sauti kali kuliko zote za panki ya London alikuwa msichana aliyejiita Poly Styrene, kiongozi wa bendi ya X-Ray Spex. Baba yake alikuwa Msomali. Albamu yao ya mwaka 1978, *Germfree Adolescents*, inazungumzia dunia ya vitu vya plastiki na ya kununua kila kitu, miaka mingi kabla sisi hatujaanza kuokota mifuko ya plastiki kwenye fukwe zetu.

Najua kuna msikilizaji anayesema: haya ni makelele ya kigeni, sisi tuna ngoma zetu. Namheshimu, na namjibu kwa ngoma zetu hizo hizo. Nenda Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, uulize habari za Bagika na Bagalu. Watakueleza juu ya waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana, na wafuasi wao wakaendelea kushindana kwa ngoma mpaka leo. Kikundi kimoja kinapiga huku, kingine kinapiga kule, uwanja huo huo, saa hiyo hiyo. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Hakuna anayemwomba mtu ruhusa ya kusikika. Kama kundi lako linataka watu, litunge nyimbo mpya, libuni vituko vipya, likaze. Huo ushindani wa kijana wa Kisukuma na ile jeuri ya kijana wa Manchester ni ndugu. Hata Martin na ukelele wake angesimama uwanja wa Bujora, watu wangemzunguka kwanza, halafu ndipo wangeuliza anatoka wapi.

Tena ngoma zetu zina somo lingine, na hili ndilo linalonigusa zaidi. Wasukuma wana bagobogobo, ngoma ya majembe. Asili yake ni shambani. Kikundi kilikwenda kumlimia mtu shamba lake, kikilima kwa wimbo, majembe yakipanda na kushuka kwa pigo moja. Mwenye shamba alijua atawalisha na kuwalipa nini. Wimbo ulikuwa sehemu ya kazi, na kazi ilikuwa na ujira wake. Hapakuwa na mzee aliyemwambia mtunzi wa wimbo, wewe si mlimaji, wewe unaimba tu. Basi ni lini sisi tuliufukuza wimbo kutoka kwenye orodha ya kazi? Maana leo binti akimpeleka nyumbani mchumba mpiga besi, wazazi wanamuuliza, "Sawa, anapiga muziki. Na kazi yake ni ipi?"

Swali hilo nilikwisha kuulizwa. Nilipiga besi kwa miaka sita kabla ya kushika kipaza sauti hiki. Tulikuwa vijana wanane, vyombo vya kukodi, mazoezi kwenye banda la kuku lililohamwa kule Mabatini. Mwaka 2009 tuliitwa kupiga harusi upande wa Geita. Tulikubaliana kwa mdomo, simu moja, "tutaelewana tu, ndugu yangu." Tukapiga kuanzia saa mbili usiku. Bwana harusi alicheza, mama yake alicheza, kamati ilicheza mpaka viatu vikavuliwa. Watu walikuja kumtunza mwimbaji wetu, wakimbandika noti usoni. Saa nane usiku tukamtafuta mweka hazina wa kamati. Tukaambiwa amekwenda kulala, tuje Jumatatu. Tukapewa pilau, na ilikuwa pilau nzuri, nasema kweli. Tukafika Busisi tukakuta kivuko cha mwisho kimeshavuka. Tukalala juu ya spika, tumezifunika turubai, umande ukishuka. Zile noti za kumtunza mwimbaji ndizo tulizolipia mafuta ya gari. Jumatatu haikufika kamwe.

Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, tangu Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, na bendi inayotoka Geita usiku haisubiri tena kivuko. Nashukuru sana. Lakini daraja halimsaidii mwanamuziki kuvuka kutoka kwenye "tutaelewana tu" kwenda kwenye hela aliyoitolea jasho.

Ngoja tupige hesabu pamoja, msikilizaji, hesabu ya mfano tu, ili tuelewane. Tuseme bendi ya watu wanane imepatana harusi kwa shilingi 800,000. Wewe uliye kwenye kamati unaona hiyo ni hela nyingi kwa usiku mmoja. Haya, vyombo vya kukodi, 200,000. Gari la kubeba vyombo na watu, 120,000. Maji, chakula na vocha, 40,000. Imebaki 440,000. Gawa kwa wanane: 55,000 kila mtu. Sasa hesabu siku tatu za mazoezi, kwa sababu bibi harusi alitaka nyimbo tatu ambazo bendi haikuwa nazo. Siku nne za kazi. Imekuwa 13,750 kwa siku. Na hapo hatujanunua uzi wa gitaa uliokatika, hatujamlipa fundi mitambo aliyekuja na mashine yake ya kuchanganyia sauti, na hatujazungumzia wiki tatu zinazofuata zisizo na harusi kwa sababu ni Kwaresima au ni Ramadhani.

Hayo ndiyo maisha ya mwanamuziki wa kazi. Simsemi nyota mwenye walinzi. Namsema mpiga solo anayefundisha kinanda mchana kanisani, mpiga drams anayeendesha bodaboda, mwimbaji mwenye genge la nyanya. Hali ni ile ile Nairobi, Kampala, London. Bendi nyingi za panki duniani zimeishi hivyo tangu mwanzo: mchana wanabeba mizigo ghalani, usiku wanabeba spika. Wanaodumu ni wale waliojifunza mapema kuuliza swali la mwaloni: mtumbwi ni wa nani, na mgao ukoje?

Tuangalie basi wazee wetu walijibu vipi swali hilo.

Mwaka 1964 ilianzishwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki wake waliajiriwa, wakapokea mshahara mwisho wa mwezi kama karani au fundi. Bendi nyingi za zama zile zilikuwa za mashirika, za jeshi, za viwanda. Sifa ya mfumo huo haipingiki: mwanamuziki alikuwa mfanyakazi, hakuna aliyemuuliza kazi yake ni ipi. Lakini vyombo vilikuwa vya shirika, jina la bendi lilikuwa la shirika, na ukiondoka unaondoka na vidole vyako tu. Mtumbwi ulikuwa wa tajiri mwema, lakini ulikuwa wa tajiri.

Mbaraka Mwinshehe aliliona hilo. Alijenga jina lake na Morogoro Jazz, kisha mwaka 1973 akatoka na kuanzisha Super Volcano, bendi yake. Alipiga gitaa, akatunga, akaongoza, akavuka mpaka kwenda Kenya, ambako ndiko santuri zilikochapwa. Januari 1979 ajali ya gari ikamchukua kule Mombasa, akiwa na miaka 34 tu. Ninapofikiria kwa nini tunamkumbuka mpaka leo, nakumbuka gitaa lake, bila shaka. Lakini namkumbuka pia kama mtu aliyethubutu kushuka kwenye mtumbwi wa wengine.

Na sisi wa ukanda wa ziwa tuna hadithi yetu wenyewe. Mwaka 2001 sauti ya binti wa Kihaya kutoka Bukoba, Saida Karoli, iliitikisa nchi. Albamu ya *Maria Salome*. Aliimba kwa Kihaya, na watu wasiojua Kihaya hata neno moja, kuanzia Lindi mpaka Kigoma, waliimba naye. Ngoma, sauti, na vibwagizo vya nyumbani kwao. Hakuna aliyemwambia aimbe kama mtu wa Kinshasa au wa New York. Kwangu mimi hiyo ni panki ya kweli kuliko mkato wowote wa nywele: kusimama na ulichonacho, kwa lugha yako, na kutoomba radhi.

Mwaka 2016, miaka kumi na mitano baadaye, Diamond Platnumz pamoja na Rayvanny walitoa wimbo *Salome*, uliojengwa juu ya wimbo ule wa Saida, na kizazi ambacho kilikuwa hakijazaliwa 2001 kikajua jina lake. Nafurahi kila wimbo wa zamani unapofufuka. Lakini kila nikiusikia, moyo wangu unauliza lile swali la Mwaloni kwa wanamuziki wote wa miaka ile waliokwenda studio wakiwa wadogo na wanyonge: karatasi ilisema nini? Je, kulikuwa na karatasi? Wimbo unaweza kulala miaka kumi na mitano halafu ukaamka na kuanza kuzaa. Kama hukuandikisha uzao wake, ng'ombe atazalia zizi la jirani.

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na ndiyo iliyoianzisha COSOTA, chombo cha hakimiliki. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya muziki uliorushwa hewani, zaidi ya shilingi milioni 312, kwa wanamuziki zaidi ya elfu moja. Siku ile ilikuwa kubwa, nami niliifurahia. Redio kama hii unayoisikiliza, kila inapopiga wimbo, inakula jasho la mtu, na jasho lina bei. Lakini gawanya tena kama tulivyogawanya ile harusi. Wastani wake haufiki shilingi 315,000 kwa mtu. Na aliyepata ni yule aliyesajili kazi yake. Mpiga besi ambaye jina lake halikuandikwa popote, hata wimbo ungepigwa mara elfu, kwa karatasi hakuwepo.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame, vijana wa bendi mnaonisikiliza, wa panki au wa singeli, wa kwaya au wa dansi. Kabla ya kuingia studio, kaeni chini. Andikeni nani ametunga maneno, nani ametunga muziki, na mpiga drams anapata fungu gani. Andikeni jina la bendi ni la nani mkigombana. Mkimlipa prodyuza hela yake ya studio, ulizeni ile rekodi kuu inabaki mikononi mwa nani. Sajilini. Ni kazi ya mchana mmoja, na inachosha kuliko mazoezi, lakini ndiyo inayoamua kama mtoto wenu atakula kwa wimbo wenu.

Na mkiweza, chongeni mtumbwi wenu. Utavuja. Yeyote aliyejaribu kutoa albamu mwenyewe anajua. Utakuwa mtunzi, mhasibu, mpiga picha na mbeba mizigo kwa wakati mmoja. Utapeleka nyimbo zako mwenyewe kwa yule kijana wa kibandani Makoroboi anayewawekea watu muziki kwenye flashi. Utaziweka kwenye mitandao usiku, bando likikaribia kuisha. Buzzcocks walikopa paundi 500, walilazimika kuzirudisha. Martin Kanja na Haekalu yake anabeba mzigo ambao zamani ungebebwa na wengine. Simdanganyi mtu kwamba uhuru una mshahara mnono. Nasema tu kwamba dagaa wanaovuliwa na mtumbwi wako, hata ndoo moja, hakuna wa kukupangia bei yake kabla hujafika ufukweni.

Na wewe usiyepiga chombo chochote, una sehemu yako. Harusi yako inakuja Agosti. Kamati imeshaandika bajeti: ukumbi, mapambo, keki, picha, chakula. Bendi imewekwa mwisho, pale kwenye "mengineyo". Ihamishe. Mpatane bei, muandikiane hata kwa ujumbe wa simu, mlipe nusu kabla na nusu kabla ya wimbo wa mwisho. Mwite kiongozi wa bendi mezani ale kabla ya kuanza, kama mnavyowalisha wapiga picha. Na ukipenda kumtunza mwimbaji, mtunze, ni desturi yetu na ni nzuri, lakini tunzo ni baraka juu ya ujira. Isigeuke kuwa ndiyo ujira.

Jiji letu wanaliita Rock City, Jiji la Mawe. Wengine huwaza lile jiwe maarufu la Bismarck pale ziwani, limekaa juu ya mwenzake kwa namna ambayo ukilitazama unashangaa halijaanguka. Mimi kila nikipita pale Kamanga nikalitazama, nawakumbuka wanamuziki wa mji huu. Wamekaa hivyo hivyo miaka yote, kwa ncha ndogo, upepo ukivuma.

Usiku wa leo mwezi haupo. Nikitoka hapa studio nitapita ufukweni, na najua taa zitakuwa zimeshawashwa kule majini. Na mahali fulani, Mabatini au Nyegezi, kuna vijana wanne kwenye banda, wamewasha taa moja, wanarudia wimbo ule ule kwa mara ya ishirini. Kesho asubuhi kila mvuvi atashuka akijua fungu lake. Naomba na vijana wale waanze kwa kulijua lao, kabla ya nyuzi kupata sauti, kabla ya mtu kusema "tutaelewana tu".